Mwanyumba Asiyelipa Kodi

Sebuleni kwa mama mkwe kulikuwa na benchi moja refu, stuli nne na kiti kimoja tu chenye mikono. Kiti hicho Fundi alikitengeneza mwenyewe zamani, wakati bado anachumbia, kwa mbao alizozichagua moja moja, akampelekea baba mkwe wake kama njia ya kumwambia kwamba binti haendi kwa mtu wa mikono mitupu. Baba mkwe alikikalia mpaka alipofariki. Baada ya hapo kikawa cha Fundi, bila mtu yeyote kutangaza, kwa kuwa yeye ndiye mume wa binti mkubwa. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, ukoo ulipokutana pale kula, aliingia, akasalimia, akaenda kukaa. Hata watoto walijua. Mmoja akikipanda, mwenzake alimwambia, "Shuka, hicho cha baba mkubwa."

Binti mdogo, kitindamimba, aliolewa na fundi bomba. Wanaume waliooa ndugu huitana mwanyumba, na kwa miaka mingi wanyumba hawa wawili walipatana vizuri sana. Mmoja alikuwa juu kidogo, mwingine chini kidogo, na wote wawili walijua nani yuko wapi. Fundi alikuwa na karakana ya useremala yenye leseni kwa jina lake mwenyewe, na vitabu vya hesabu alivyoviandika kwa mkono wake, kazi aliyojifunza kwenye madarasa ya jioni alipokuwa kijana na ambayo hakuacha kuitaja. Fundi bomba alikuwa na baiskeli na sanduku la spana.

Halafu fundi bomba akasajili kampuni.

Akapata kazi ya mabomba kwenye ghorofa moja, kisha ya pili. Akanunua pikapu, akaandika jina la kampuni kwenye milango yote miwili kwa rangi nyekundu. Akachapisha kadi zilizosema Mkurugenzi Mtendaji. Miezi michache tu, jina la fundi bomba likafa kabisa. Akawa Mkurugenzi sokoni, Mkurugenzi barabarani, mpaka mkewe akawa anamwita hivyo mbele za watu, kwa kicheko kidogo ambacho hakikuwa cha utani.

Jumapili moja Fundi alichelewa kwa sababu ya mteja. Alipofika alimkuta mwanyumba wake amekaa kwenye kiti chenye mikono, mguu mmoja juu ya mwingine. Mkurugenzi alifanya kama anayetaka kuinuka. Ilikuwa nusu ya kuinuka, ya kumwachia mtu mwingine nafasi ya kukukataza.

"Kaa, kaa, Mkurugenzi," mama mkwe alimkataza. "Umechoka na mambo ya ofisi. Fundi, baba, wewe si mgeni hapa. Sogea hapo kwenye benchi."

Wewe si mgeni. Fundi alilitafuna neno hilo pamoja na chakula, na chakula kikashuka lakini neno halikushuka. Alikaa kati ya mkewe na shemeji yake mmoja mwenye viwiko vikali. Kutoka pale aliiona mikono ya kiti jinsi alivyoichonga, ule mpindo mdogo wa mwisho uliomchukua siku nzima, na juu yake vidole vya mtu mwingine vikigongagonga.

Ili kusema lolote, alisema, "Wiki hii nimetoka kulipa kodi. Mfuko unalia."

"Pole, Mwanyumba," alisema Mkurugenzi. "Mimi kodi ya biashara silipi siku hizi."

Vijiko vikasimama.

"Hulipi?" aliuliza shemeji mwenye viwiko.

"Tangu nifungue kampuni, mimi silipi. Kampuni ndiyo inajuana nao huko. Karani wangu anashughulika." Akapunga mkono kama anayefukuza inzi. "Mimi napata mshahara wangu na kama kuna gawio napewa. Hayo mengine si yangu."

"Akili ni mali," mama mkwe alisema, na akamwongezea nyama.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Fundi alitembea hatua tatu mbele. Mkewe, mwanamke mnene mwenye hatua za taratibu ambaye hakuwahi kumwogopa, alimwacha mpaka walipofika kwenye kona ya mtaa wao.

"Unawaza kiti," alisema.

"Nawaza kodi."

"Kodi imeota mikono lini?"

"Mama watoto, nimelipa kodi tangu kabla yule hajajua kufunga koki. Leo ananiambia halipi, na mnampa nyama."

"Mimi sikumpa nyama."

"Ukoo wenu."

"Ukoo wetu umekupa mke, na hukulipia kodi yoyote," alisema, na akaingia ndani kuvua viatu.

Wivu ni kama vumbi la msasa. Hulioni likiingia, ila ukikohoa unajua limo. Fundi alifanya kazi wiki hiyo vibaya. Aliranda mlango mmoja mpaka ukawa mwembamba kuliko alivyoagizwa. Kila pikapu ilipopita nje aliinua kichwa atazame kama mlango wake una maandishi mekundu. Akajiuliza maswali mawili, na yote mawili yalimuumiza. Kama mwanyumba wake anaiba, mbona hakamatwi? Na kama haibi, basi mimi miaka yote hii nilikuwa mjinga?

Siku ya tano alivaa shati la kola, akapanda ngazi za jengo moja mjini mpaka kwenye chumba cha mhasibu aliyesifiwa na mteja wake. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, feni ikizunguka nyuma yake na kupeperusha kila kitu ambacho hakikuwekewa jiwe.

"Nataka kujua," alisema Fundi, "kati ya mtu mwenye biashara kwa jina lake na mtu mwenye kampuni, nani analipa kodi ndogo."

"Inategemea," alisema mhasibu.

Fundi hakulipenda neno hilo. Katika kazi yake mbao inaenea au haienei.

"Inategemea nini?"

"Faida ni kubwa kiasi gani, na unaila au unaiacha." Akavuta kipande cha karatasi, akachora ngazi. "Huyu ni wewe. Wewe na karakana yako ni mtu mmoja. Faida ya karakana ndiyo mapato yako. Serikali inakupandisha ngazi. Kipandio cha kwanza hakitozwi kitu. Cha pili unatozwa kidogo. Kadiri unavyopanda, kile kipande cha juu kinatozwa zaidi. Umeelewa?"

"Ngazi natengeneza mimi mwenyewe."

"Vizuri." Pembeni ya ngazi akachora sanduku refu. "Hii ni kampuni. Yenyewe haipandi ngazi, inapanda lifti. Nauli ni moja tu, faida iwe ndogo au kubwa, kuanzia senti yake ya kwanza. Halafu mwenye kampuni akitaka kuitoa faida ile ikaingie mfukoni kwake, mlangoni pa lifti kuna mtu mwingine amesimama na mkono wazi. Hiyo ni kodi ya gawio."

Fundi alitazama sanduku lile kwa muda. "Kwa hiyo anatozwa mara mbili."

"Kampuni inatozwa mara moja, na yeye mara moja. Kisheria ni watu wawili."

"Lakini pesa ni ileile."

"Pesa ni ileile."

"Na mshahara wake?"

"Mshahara unatolewa kabla ya kuhesabu faida, kwa hiyo kampuni haitozwi kwa huo. Yeye ndiye anatozwa, kwa ngazi kama mfanyakazi mwingine."

Hapo Fundi akaona ameshapata alichokuja kukitafuta. Akataka kuinuka palepale. Mhasibu akamzuia kwa kalamu.

"Sijamaliza. Mtu ambaye faida yake ni kubwa sana, ambaye angekuwa juu kabisa ya ngazi, na ambaye haili faida hiyo bali anaiacha ndani inunue mashine, huyo kampuni inamfaa. Nauli ya lifti ni ndogo kuliko kile kipandio cha mwisho. Tena kuna suala la madeni. Kampuni ikidaiwa, kwa kawaida inadaiwa kampuni. Wewe ukidaiwa, unadaiwa wewe, na nyumba yako, na kitanda chako. Kwa faida hii uliyoniambia, wewe baki ulivyo. Kwa mtu mwingine ningemwambia vingine."

"Nimekuelewa," alisema Fundi. Alikuwa ameelewa yote. Ila wakati anashuka ngazi alibeba nusu moja tu, ile ya kutozwa mara mbili, na nusu ya pili akaiacha kule juu kwa mhasibu.

Hakumwambia mkewe kitu. Alisubiri Jumapili ya mwisho wa mwezi kama mtoto anavyosubiri nguo mpya. Alifika mapema, na bado alimkuta Mkurugenzi kitini. Hakujali. Alikaa kwenye benchi kwa upole, akala kwa upole, akashukuru. Chai ilipoletwa akavuta bakuli la sukari mbele yake.

"Mwanyumba, ile habari yako ya kodi nimeifanyia utafiti," alisema.

"Ehe?"

"Si kwa ubaya. Mtu anatakiwa ajielimishe." Akachukua kijiko. "Tuseme sukari hii ni faida ya mwaka mzima. Mimi na karakana yangu ni mtu mmoja. Serikali inasema, vijiko vya kwanza jilie mwenyewe. Halafu inachota kidogo. Halafu inaongeza." Akachota kidogo akamwaga kwenye kisahani. "Basi. Iliyobaki naimimina kwenye kikombe changu, na hakuna anayeniuliza."

"Sukari yangu hiyo," alisema mama mkwe.

"Itarudi, mama. Sasa njoo kwa Mwanyumba. Kampuni ni mtu mwingine."

"Mtu?"

"Kisheria ni mtu. Ana jina lake, mali yake, madeni yake na kodi yake."

"Basi mbona hajaja kunisalimia?"

Wakacheka wote, hata Mkurugenzi. Fundi alingoja kicheko kiishe, kwa sababu hakutaka kitu kimpotezee mwisho wa maneno yake.

"Huyo mtu anachotwa tangu kijiko cha kwanza. Hakuna cha kujilia." Akachota. "Inayobaki bado si ya Mwanyumba, ni ya kampuni. Akiitaka iingie kikombeni mwake, inaitwa gawio, na inachotwa tena." Akachota tena, polepole, kijiko kikijaa. Kisahani kikawa na kilima. "Kwa hiyo mwanyumba wangu anayesema halipi kodi ya biashara, analipa mara mbili."

Akaweka kijiko chini.

Mkurugenzi alikuwa anatazama kisahani kwa macho ya mtu aliyeona maji yanatoka ukutani mahali ambapo hakupitisha bomba. Fundi alimwona, na utamu wa kumwona ulimpanda mpaka masikioni.

"Mara mbili?" mama mkwe aliuliza.

"Mara mbili, mama."

"Huyu? Serikali inakuja kwake mara mbili?"

"Ndivyo ilivyo."

Mama mkwe akageukia wanawe, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha kwamba wamesikia. "Mnaona? Wapo ambao serikali haijui hata wanakaa wapi. Mkwe wangu anaipa mara mbili na wala hasemi. Mwenyewe alituambia halipi, kumbe ni unyenyekevu." Kisha akamtazama Fundi kwa huruma ya kweli. "Na wewe, baba, unalipa mara ngapi?"

"Mara moja," alisema Fundi.

"Na ile ngazi, uko wapi?"

"Chini... chini kidogo."

"Si haba, baba," alisema mama mkwe. "Si haba."

Shemeji mwenye viwiko alipaliwa na chai. Mke wa Fundi alitazama dirishani kwa bidii kubwa, mabega yake yakitikisika. Mtu mmoja tu hakucheka. Kitindamimba alikuwa bado anaangalia kile kilima cha sukari, na kutoka pale akamwangalia mumewe.

Wakiwa njiani, mkewe Fundi alivumilia mpaka kona ileile.

"Si haba," alisema, na ikabidi ashike ukuta wa watu.

Fundi aliongeza mwendo, akamwacha hapo.

Ilipita kama wiki moja na nusu. Asubuhi moja, Fundi akiwa peke yake karakanani anaranda fremu ya dirisha, alisikia hodi. Alikuwa Mkurugenzi, bila koti, amevaa viatu vyake vya zamani vya kazi. Pikapu hakuja nayo. Alisimama kati ya mabaki ya mbao akatafuta pa kuweka mikono.

"Karibu, Mkurugenzi."

"Usiniite hivyo, Mwanyumba, leo sina nguvu." Akakaa juu ya gogo. "Ile sukari yako imeniharibia nyumba."

Fundi akaendelea kuranda. "Sukari imefanya nini?"

"Mke wangu halali. Ananiambia, kumbe tunavuja sehemu mbili, na wewe fundi bomba mzima hukuona. Nimemuuliza karani, anasema ndiyo, kodi ya kampuni tunalipa, na ile niliyokatwa kwenye gawio ndiyo hiyo nyingine. Mimi nilijua naletewa kilichobaki tu. Nilikuwa nasema silipi, na kweli nilikuwa naamini silipi." Akajikuna kichwa. "Halafu kuna mambo mengine sikuwaambia. Pesa nimeitafuta mwenyewe, kwa mikono hii. Nikichukua kidogo nimnunulie mtoto viatu, karani ananiuliza, hii tuiandike nini, mshahara, gawio au mkopo? Naulizwa kama mwizi kwenye droo yangu."

"Si droo yako," alisema Fundi.

"Ndiyo maana yake. Mke wangu anasema bora ningebaki kama wewe. Anasema, tazama Fundi, akitaka kitu anafungua droo, anachukua, anafunga."

Randa ikasimama. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Fundi kwamba kuna nyumba ambamo yeye anatolewa mfano. Alitamani amwombe arudie.

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe umelisoma jambo hili," Mkurugenzi aliendelea. "Karani namlipa, atasema ninachotaka. Wewe utaniambia ukweli. Nifunge kampuni? Ukisema funga, nafunga. Narudi kwenye jina langu, tunakuwa sawa kama zamani."

Kama zamani. Fundi aliiona sebule ya mama mkwe kama vile imeletwa pale karakanani: benchi, stuli, na kiti chenye mikono kikiwa wazi. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Asingekuwa hata amesema uongo mkubwa. Angerudia tu yale ya bakuli la sukari, nusu ileile, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuja kuiomba.

Badala yake akajikuta anauliza, "Faida unaila au unaiacha?"

"Naiacha. Hilo gawio nilichukua mara moja tu, kidogo, tukapaka nyumba rangi. Nyingine yote imo ndani. Nataka mashine ya kuchimba mitaro."

"Na faida yenyewe iko kiasi gani?"

Mkurugenzi akaitaja.

Fundi akaweka randa chini kabisa. Alidhani anajua ukubwa wa kitu anachokionea wivu. Kumbe alikuwa anakionea wivu kidogo mno. Kwa faida ile, mwanyumba wake akiwa mtu binafsi angekuwa amesimama juu kabisa ya ngazi, kichwa kinagusa dari, na mwaka wa kwanza tu kodi ingemmaliza. Mashine ya mitaro ingebaki kuwa hadithi. Pikapu ingeuzwa. Kadi zingetupwa.

Alichukua fremu ya dirisha, akaipima ingawa alikuwa ameshaipima. Akaipima tena upande wa pili. Vipimo vilikuwa sawa. Katika maisha yake alikuwa amewapandishia watu bei, amewachelewesha, amewahi hata kumkwepa mteja mmoja kwa kujificha nyuma ya rundo la mbao, kwa kukosa la kumwambia, lakini kipimo cha uongo hakuwahi kumpa mtu. Alijua mlango wa kipimo cha uongo unavyokuwa. Unafunguka siku mbili tatu vizuri, kisha unaanza kukwaruza sakafu, na kila anayeufungua anamtaja fundi.

"Usifunge," alisema.

"Nisifunge?"

"Wewe ni mtu wa lifti." Akamweleza yote, ngazi na lifti na mlango wa lifti, kwa sauti kavu, bila kumtazama. "Ukiiacha ndani, unatozwa mara moja tu, na kwa ukubwa wako ni kidogo kuliko ambavyo ungetozwa kwa jina lako. Ile mara ya pili inakuja ukitoa gawio. Basi usitoe ovyo. Jipangie mshahara wa kukutosha, uheshimu droo ya watu. Halafu fikiria siku bomba la ghorofa la watu likipasuka. Atakayedaiwa kwanza ni kampuni. Mimi mlango wangu ukimwangukia mtu, wanakuja mpaka kitandani kwangu."

Mkurugenzi alisikiliza mdomo wazi. "Kwa hiyo kwangu kampuni ni nzuri."

"Kwako."

"Na kwako?"

"Kwangu hapana," alisema Fundi, na ilikuwa kama kumeza msumari kwa upande wa kichwa.

Mkurugenzi akainuka, akajipangusa vumbi, akafika mlangoni, akageuka. "Lakini Mwanyumba, hii nusu nyingine kwa nini hukuisema siku ile mbele ya mama?"

"Sukari ilikwisha," alisema Fundi.

Jumapili iliyofuata Fundi hakutaka kwenda. Mkewe alimwambia asipokwenda watasema ameshuka kipandio kingine, kwa hiyo akaenda. Alipoingia tu, Mkurugenzi akainuka kitini, safari hii kuinuka kamili, akasimama katikati ya sebule.

"Mama, na nyote," alisema, "kama si Fundi, leo ningekuwa nimeivunja kampuni. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Huyu ni mkubwa wangu. Mwanyumba, kaa hapa."

Kitindamimba akapiga makofi. Mama mkwe akasema, "Nilijua tangu zamani kwamba Fundi ana kitu kichwani. Kaa, baba, kaa."

Fundi akakaa.

Kilikuwa kiti chake, alichokichonga mwenyewe, na mgongo wake ulikijua. Lakini alikikalia kama mtu aliyepokea chenji. Kilikuwa kimetoka mkononi mwa mwingine, na mwenyewe huyo alikuwa amekwenda kukaa kwenye benchi huku anatabasamu, na hata pale kwenye benchi macho ya watu yalimfuata. Shemeji mwenye viwiko alimsogezea chai. Mtoto mmoja alimuuliza kama pikapu inaweza kupanda mlima. Fundi akaona kwamba mtu yule anaweza kukaa popote sasa, hata sakafuni, na bado atakuwa ndiye Mkurugenzi. Akabana mkono wa kiti kwa hasira.

Mkono ukacheza.

Akautikisa tena. Kiungo kilikuwa kimeachia kidogo, upande wa kulia, upande ule ambao mwanyumba wake alikuwa anaegemea akigongagonga vidole. Fundi akainuka, akakigeuza kiti juu chini mbele ya watu wote, akakichungulia.

"Mama, kiti hiki kinaumwa," alisema. "Mtu ataanguka. Nakibeba."

"Leo?"

"Leo hii."

Kilikuwa kizito kukitembeza mpaka kwake, kwa hiyo kikapakiwa kwenye pikapu yenye maandishi mekundu, Fundi akikaa nyuma akikishikilia. Mkurugenzi alipofika karakanani akashuka, akamsaidia kukiteremsha, akasema, "Kesho karani ataniuliza safari hii tuiandike nini."

"Mwambie gawio," alisema Fundi.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Alifungua kiungo, akakisafisha gundi ya zamani, akapaka mpya, akakibana kwa kamba. Kesho yake kamba alishaifungua. Kiti kilikuwa kizima kuliko siku alipokipeleka kwa baba mkwe.

Mwisho wa mwezi ukafika, kiti hakikurudi. Kule sebuleni watu wote walikaa kwenye benchi na stuli, Mkurugenzi naye akabanwa kati ya kitindamimba na shemeji mwenye viwiko, na hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Fundi alikula vizuri sana siku hiyo. Mama mkwe aliuliza, akajibiwa kwamba gundi haijakauka. Mwezi uliofuata aliuliza tena, na gundi ilikuwa bado.

Asubuhi moja mkewe alimletea chai karakanani. Alimkuta amekaa kwenye kiti chenye mikono, katikati ya vumbi la mbao, mguu mmoja juu ya mwingine. Akamkabidhi kikombe. Akaugusa mkono wa kiti, akautikisa kwa nguvu, haukutikisika.

"Mama ametuma mtu," alisema. "Anauliza kiti chake."

"Mwambie gundi haijakauka."

"Mimi ni mke wa seremala miaka yote hii." Alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. "Hebu niambie, baba watoto. Gundi inachukua muda gani kukauka?"

Fundi alipuliza chai, akanywa kidogo, akaegemea.

"Inategemea," alisema.